Kongamano la miti Dodoma lifanyike Novemba, si Machi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kwa wanaoandaa makongamano ya kanda kuhusu utunzaji wa miti na usimamizi wa misitu. Dodoma ina kumbi, ina hoteli, treni ya SGR inafika, na wizara ziko Mtumba, kwa hiyo si ajabu mikutano ya aina hiyo ikiletwa huku. Tunaikaribisha. Ombi letu ni kwamba likija kongamano la miti, lifanyike Novemba na lisifanyike Machi.

Machi inapendwa kwa sababu Siku ya Misitu Duniani ni tarehe 21 ya mwezi huo, kama Umoja wa Mataifa ulivyoamua mwaka 2012. Kwa mtu wa Moshi au Lushoto tarehe hiyo haina ubaya, masika ndiyo yanaingia. Kwetu masika hayo hayapo. Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka wa kawaida, tena mara nyingi ukiwa na kipande cha jua katikati, Januari au Februari. Mche uliopandwa Machi 21 hapa Dodoma unabahatisha wiki tatu au nne za mvua. Baada ya hapo unakabidhiwa miezi saba ya jua na upepo, huku mizizi yake ikiwa haijatoka nje ya shimo. Mgeni rasmi ameshapanda, picha zimepigwa, kibao chenye jina lake kimesimikwa. Oktoba kibao kipo, mti haupo.

Novemba ndiyo inayosema kweli. Nyasi zimeisha, mashimo yanaonekana yote, mche ulio hai unajulikana na uliokufa unajulikana. Wajumbe wapelekwe kwenye eneo lililopandwa msimu uliotangulia, wagawanywe wawili wawili, kila jozi ihesabu mashimo 100 mfululizo bila kuruka hata moja. Mche usio na majani usiandikwe kuwa umekufa kabla ya kukwanguliwa gome kwa ukucha. Chini ya gome pakiwa kijani na unyevu, uko hai unasubiri mvua. Pakiwa kahawia na pakavu, umekwenda. Hesabu ya namna hiyo inachukua asubuhi moja, na inatoa takwimu ambayo haipatikani kwenye ripoti yoyote ya miche iliyogawiwa.

Kisha waing'oe ile iliyokufa, kumi tu inatosha, wailaze juu ya turubai na kuitazama mizizi. Hapo ndipo somo lilipo. Mche uliopandwa pamoja na kiriba chake utakuwa na mizizi iliyozunguka chini ya plastiki kama kamba ndani ya ndoo. Haukuwahi kuonja udongo wa shimo. Wenye mzizi mkuu uliokunjika kama ndoano ulikufa tangu kitaluni, siku ulipohamishwa kutoka kwenye tuta kwa haraka na kusukumizwa kwenye kiriba kwa kidole. Ule mrefu wa mita nzima, wenye mzizi mnene uliokatika ghafla chini, ulikaa kitaluni mpaka mzizi ukatoboa kiriba na kuingia ardhini. Ulipochukuliwa, nusu ya mizizi ikabaki kule. Gome lililooza usawa wa ardhi linaonyesha kwamba mche ulifukiwa zaidi ya ulivyokuwa kitaluni. Gome lililogugunwa chini ya gamba la udongo ni kazi ya mchwa, na mchwa kwa kawaida humaliza mche uliokwisha kudhoofika kwa kiu. Na ule wenye mizizi mizuri kabisa, minyoofu, lakini juu umebaki kijiti kilichonyofolewa ncha, huo ni mbuzi, na dawa yake ni uzio wa miiba.

Sababu hizo sita, kwa uzoefu wa kazi hii, ndizo zinazojirudia. Hakuna hata moja inayohitaji utafiti mpya. Zinahitaji mtu asimame karibu na shimo siku ya kupanda.

Shimo la Dodoma liwe sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja, wa chini upande wa pili. Udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza sawasawa; mbichi huunguza mizizi na kualika mchwa. Kiriba kichanwe kwa wembe kutoka juu hadi chini, kitolewe chote, kisiachwe hata kitako. Mizizi inayozunguka chini ikatwe. Mche ukae kwenye kimo kilekile ulichokuwa nacho kwenye kiriba, udongo ukanyagwe kwa kisigino mpaka usiache uwazi, na uso wa shimo ubaki umebonyea kidogo chini ya ardhi inayouzunguka. Huku kwetu tunakinga maji, hatuyakimbizi.

Halafu lije suala la maji, ambalo kwenye makongamano hupita kwa sentensi moja. Mche mmoja mjini, katika kiangazi chake cha kwanza, unahitaji lita 20 kwa wiki. Mei hadi mwisho wa Novemba ni wiki 30, yaani lita 600 kwa mche. Miche 1,000 inadai lita 600,000, sawa na boza 60 za lita 10,000. Kila halmashauri nchini imepangiwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Tukiipigia hesabu hiyohiyo, ni lita milioni 900, au boza 90,000. Mji huu kwa miongo mingi umenyweshwa na visima vya Makutupora na Mzakwe, na wakazi wenyewe wanajua foleni ya ndoo. Kwa hiyo miti ya kumwagilia ni ile tu ambayo mwenye kuimwagilia anajulikana kwa jina: mbele ya nyumba yake, shuleni, zahanati, kando ya barabara yenye ratiba ya boza. Iliyobaki yote ipandwe kwa njia ya kuvuna mvua, au isipandwe kabisa, ichipuzwe kutoka kwenye visiki vilivyopo.

Kuvuna mvua hakuna ufundi mkubwa. Kinga maji, yaani beseni la udongo lenye tuta la umbo la nusu mwezi, yenye kipenyo cha mita 4, mdomo wake ukitazama juu ya mteremko, ina eneo la mita za mraba 6 na ziada. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni ya jioni moja, inaangusha lita 125 ndani ya nusu mwezi huo, bila kuhesabu yanayotiririka kutoka juu yake. Hata nusu ikipotea, mche umepata maji ya wiki tatu bila boza. Kosa linalofanyika ni kuchimba bila kupima usawa: ncha moja ikiwa chini kuliko nyingine maji yote hutorokea hapo na kukata tuta, na msimu wa pili umeshaanzisha korongo. Bomba la plastiki linaloonyesha ndani, la mita 10, likijazwa maji na kufungwa kwenye vijiti viwili vyenye alama, linatosha kupimia.

Kuhusu visiki, wajumbe wasiondoke bila kufika Kondoa, kilomita zipatazo 160 kutoka mjini kwa barabara ya lami. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye vilima vya Irangi vilivyokuwa vimechanika makorongo. Watu walijenga matuta na kupanda miti, lakini kilichofunika vilima vile kwa upana kilikuwa nyasi na vichaka vilivyochipua vyenyewe baada ya kwato kuondoka. Gharama yake pia isemwe wazi: mifugo ile ilikwenda kwa majirani, na wenye ng'ombe hawakuulizwa kwa namna ambayo leo ingekubalika. Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 ulichukua njia ya kurudi kwenye ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa kutenga malisho yapumzike. Wajumbe waliopo kwenye kamati za misitu za vijiji wakiyaona haya mawili kwa pamoja watajadili sheria ndogo kwa akili nyingine.

Siku hizi kazi ya kulea visiki vichipue inajulikana hapa kwa jina la kisiki hai. Kule Niger, tangu miaka ya 1980, Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa akifanya kazi na wakulima wa Maradi, aliona kwamba vichaka wanavyovifyeka kila mwaka ni miti iliyokatwa yenye mizizi mizima chini. Hekta milioni 5 hivi za nchi ile zimerudishiwa miti kwa kuvilea tu. Utaratibu wake shambani ni huu. Chagua kisiki chenye machipukizi. Bakiza matatu hadi matano, manene na yaliyonyooka, yanayotoka chini kabisa ya kisiki. Mengine yakate karibu na kisiki, kwa kisu kikali au panga lililonolewa, ukikata kuelekea juu ili gome lisichanike. Yale uliyobakiza yapunguze matawi ya pembeni hadi nusu ya kimo chake, usizidishe. Funga kitambaa cha rangi ili mwenye jembe, mchungaji na mwenye kiberiti wote wajue kuwa hicho kina mwenyewe. Rudi baada ya miezi miwili au mitatu, maana yatachipua tena.

Novemba ina maana hapa pia. Ndiyo wakati wa kuberega, mkulima anafyeka na kuchoma tayari kwa uwele na mtama, na visiki hukatwa vyote bila kubagua. Kongamano likiwa shambani wiki hiyo, linakutana na jembe lenyewe mkononi.

Sasa tuje mjini, kwenye msumeno, maana ukweli ni kwamba miti mikubwa ya Dodoma inauawa zaidi na wanaoipogoa kuliko na ukame. Angalia mwarobaini wowote kando ya barabara uliokatwa kichwa kimo cha mita tatu. Mwaka uleule unatoa vichipukizi kama ufagio, watu wanasema umependeza. Vichipukizi vile havikutoka ndani ya mti; vimeshikwa na tabaka la juu karibu na gome. Vinanenepa haraka, huku kisiki cha juu kilichokatwa kinaoza kuelekea chini. Miaka mitano au sita baadaye, upepo wa mwanzo wa mvua unavishusha juu ya paa la bodaboda na mama lishe. Lawama wanabebeshwa mti na upepo.

Mkoa huu unajua kupogoa, zabibu ni shahidi. Lakini mzabibu hukatwa kwa ukali kwa sababu matunda hutoka kwenye chipukizi jipya. Mti wa kivuli hauna sababu hiyo. Kwake, usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja, na kama nyaya za umeme ziko juu yake, kata matawi yanayoelekea kwenye nyaya hadi kwenye maungio yake, acha yanayokwenda pembeni. Huko chini ya nyaya ulipaswa kupandwa mti mfupi tangu mwanzo.

Tawi zito likatwe mara tatu. Mkato wa kwanza uwe chini ya tawi, sentimita 30 kutoka kwenye shina, uingie robo ya unene. Wa pili uwe juu, sentimita 5 mbele zaidi kuelekea nje, uende mpaka tawi lianguke. Ule wa chini ndio unaozuia gome lisichunike mpaka kwenye shina, jambo linaloonekana kwenye nusu ya miti ya mjini. Kilichobaki ni kigutu chepesi. Kitazame kinapoungana na shina: pana uvimbe mdogo wa mviringo, kama kola ya shati. Mkato wa tatu upite nje tu ya kola hiyo, ukifuata mwinamo wake. Ukiikata kola ukasawazisha na shina, umefungua mwili wa shina lenyewe kwa kuvu. Ukiacha kigutu kirefu, kitakufa, kitaoza, na gome halitaweza kukizunguka.

Na rangi ya mafuta au lami juu ya kidonda ikome. Alex Shigo wa Idara ya Misitu ya Marekani alipasua maelfu ya miti kwa msumeno, na kazi yake ya miaka ya 1970 ilionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya binadamu, bali hujenga kuta ndani ya mbao na kukitenga kidonda. Rangi haizuii uozo. Mara nyingi inafungia unyevu ndani. Kidonda kilichokatwa vizuri kiachwe wazi. Tungependa kuona wajumbe wakikata tawi moja kwa njia hii mbele ya vijana wa halmashauri na mafundi wa umeme, na vijana hao nao wakate mpaka mkono uzoee. Nusu siku inatosha.

Kwenye maeneo ya ujenzi tatizo liko ardhini. Mizizi mingi ya kulisha iko ndani ya sentimita 60 za juu na inakwenda mbali kuliko kivuli. Pima upana wa shina kwenye kimo cha kifua, zidisha mara 12, hiyo ndiyo duara ambayo greda, lundo la kokoto na mchanganyiko wa saruji havipaswi kuingia. Shina la sentimita 40 linadai karibu mita 5 kila upande. Zungushia mabati kabla mashine ya kwanza haijafika. Mbuyu au mkungugu, aina ya mgunga, uliofukiwa kifusi cha sentimita 30 haufi mwaka huo. Unakauka ncha polepole, na anayeukata baadaye anaandika kwamba ulikuwa mzee.

Aina za miti tuzitaje kwa kifupi. Dodoma imeegemea mno mwarobaini. Ni mti mzuri, unavumilia, lakini ukanda wa Ziwa Chad ulishaona miarobaini yake ikikauka kwa wingi baada ya wadudu gamba kuingia. Frank Santamour alipendekeza mwaka 1990 kwamba mjini spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote. Tuna mkungugu, mkwaju, mbuyu, na mkababu ambao hupukutisha majani wakati wa mvua na kuacha mtama upate jua. Na wajumbe kutoka Kenya waombwe waeleze mathenge, mti ulioletwa Baringo miaka ya 1980 kuokoa nchi kame, ukageuka kero iliyowafikisha wananchi mahakamani. Yeyote anayeutamani kwa sababu unavumilia ukame na hauogopi mbuzi awasikilize kwanza.

Kongamano la Novemba lina sharti lake, na sharti hilo linaanza Juni. Mbegu lazima ziwe kwenye viriba kati ya Juni na Julai ili Desemba mche uwe na sentimita 30 hadi 45, si zaidi. Mbegu za mkungugu zina ganda gumu: chemsha maji, yaondoe motoni, zitie humo, ziache zipoe usiku kucha, zilizovimba zipande, zisizovimba zirudie. Kila wiki tatu viriba vinyanyuliwe na mizizi iliyotoka chini ikatwe. Mwezi wa mwisho maji yapunguzwe na kivuli kiondolewe kidogo kidogo, mche uzoee jua la nje.

Siku ya mwisho wajumbe wasipewe miche. Wapewe sururu, kila mmoja achimbe shimo lake na nusu mwezi wake, shimo lipewe namba na jina lake liandikwe kwenye daftari la kata. Miche ibaki kitaluni mpaka mvua iloweshe udongo sentimita 30 kwenda chini, ndipo wenyeji wapande. Mwaka unaofuata, wiki ileile ya Novemba, ofisa wa kata apite na daftari, akwangue gome kwa ukucha, na kila mjumbe atumiwe ujumbe wa simu kuhusu shimo lake: hai, au sababu ya kufa.

Sisi watunza vitalu na wapogoaji miti,
Dodoma